Mbuzi Aliyefika Bila Kichwa

Barabara ya Kumi na Moja,
Ngamiani, Tanga
14 Oktoba 1956

Kaka Asheri,

Shikamoo. Kuna sauti moja ambayo tangu Januari haijanitoka masikioni, na sitaweza kukusalimu sawasawa mpaka niitaje. Ni sauti ya sahani ya bati ikikwaruza chini ya debe la unga. Ilikuwa asubuhi ya tarehe kumi na moja, wewe umekwisha kurudi Amani. Mama alikuwa ameinama, mkono wote umezama ndani ya debe. Anakwaruza, ananyamaza, anakwaruza tena, kana kwamba unga ungeongezeka katikati. Baba alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu alivyonunua kwa ajili ya Krismasi. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Akamaliza kufunga, akaenda kazini.

Sasa salamu. Sisi sote tu wazima. Baba yuko pale pale stesheni, stoo ya mizigo, magoti yanamsumbua siku za mvua. Mama anauliza kama mtoto ameanza kukaa mwenyewe. Mimi nafundisha darasa la pili, watoto hamsini na wawili na vitabu kumi na tisa. Msalimie sana wifi Kristina.

Nimeandika kwa sababu ya Krismasi. Mwaka jana unaukumbuka. Walishuka wageni kumi na mmoja kutoka milimani, na baba akawavika wote kitambaa cha namna moja ili waingie kanisani kama kwaya. Tuliwalisha mpaka mwaka mpya. Kisha wakapanda gari wakiimba, nasi tukala mlo mmoja kwa siku hadi mwisho wa Januari, madirisha tumeyafunga saa za chakula ili majirani wasione kwamba hakuna moshi.

Mwaka huu mama amenipa mimi ufunguo wa sanduku. Baba hajasema ndiyo, lakini hajasema hapana. Tangu Julai naweka kando kidogo kila mwezi, kila kitu kwenye kitambaa chake: mchele, mafuta, sukari, sadaka, doti moja ya kanga ya mama. Hakuna nguo za wageni. Nimewaandikia wageni wenyewe, kwa heshima, kwamba mwaka huu hatuna nafasi ya kuwalaza. Baba alipojua alikaa siku mbili bila kunisemesha.

Kitu ambacho sikukipunguza ni mbuzi. Utaniuliza kwa nini, kwa kuwa ndiye mwenye bei kuliko vyote. Mwaka wa kumi na nne huu tunapanga katika nyumba ya Bi Mwanamkasi. Idd zote mbili anatuletea sahani kabla hajapeleka kwa ndugu zake. Krismasi ndiyo zamu yetu. Sahani zetu huenda kwenye nyumba saba za Waislamu, na zinaliwa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba tarehe ishirini na nne Mzee Shehe, kaka yake Bi Mwanamkasi, huja na kisu chake, akamwelekeza mbuzi kibla, akamchinja kwa jina la Mungu palepale uani kwetu. Hilo siwezi kulipunguza. Nikilipunguza tutakuwa wapangaji tu.

Huko kwenu mbuzi ni rahisi. Utununulie mmoja, si lazima awe mkubwa, uje naye tarehe ishirini na tatu, akiwa hai. Niandikie bei.

Mdogo wako,
Bertha

*

Amani
6 Novemba 1956

Bertha mdogo wangu, mshika ufunguo,

Marahaba sana. Barua yako ilifika siku nyingi, usihesabu tarehe, mvua ya huku imekata barabara mara mbili. Samahani kwa penseli, wino umeniishia. Sisi hatujambo. Mtoto anakaa, akisukumwa kidogo anaanguka kama mlevi, na anacheka mwenyewe. Kristina ana kikohozi cha baridi ya huku. Ukungu unashuka saa tisa alasiri, ukitundika shati jioni unalianua kesho likiwa zito kuliko ulivyolitundika.

Nimecheka kuhusu vitambaa vyako. Nimekuona kabisa umefunga kila shilingi kama dawa ya mganga. Maskini baba. Mtu aliyezoea kuingia kanisani na jeshi nyuma yake, mwaka huu ataingia na mkewe na mwalimu.

Mbuzi yupo. Shilingi ishirini na nne, ukimnunua sasa. Desemba atapanda bei. Nitumie na nitamshughulikia.

Tena jambo dogo. Ukiweza, katika vile vitambaa vyako, niazime shilingi kumi na tano nyingine. Nitakurudishia mkononi Krismasi. Usimwambie baba, atauliza maswali, na unajua maswali yake yanavyoanza na Adamu.

Kazi ya mbao inaendelea. Salamu kwa mama.

Kaka yako,
Asheri

*

Ngamiani, Tanga
18 Novemba 1956

Kaka Asheri,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia mtoto anakaa. Mama anasema Kristina achemshiwe tangawizi, asinywe maji ya baridi. Baba hajambo, ameanza kunisemesha, lakini kuhusu mambo ya kanisa tu.

Nimekutumia shilingi ishirini na nne za mbuzi kwa hawala ya posta. Zile kumi na tano sitaweza. Nitakueleza ukweli, usinikasirikie. Mtu mwenye mshahara wa ukarani, watu watatu tu ndani ya nyumba, tena anakaa ambapo mboga zinaota nyuma ya jiko, hapaswi kukopa katikati ya mwezi. Wewe na baba ni wamoja. Mkono unafunguka kabla kichwa hakijauliza. Nikitoa kumi na tano leo, nitazitoa kwenye kitambaa cha mchele, na Januari nitamwona mama ameinama tena. Sitaki. Jifunze kuandika unachotumia kila jioni, utashangaa.

Usisahau: akiwa hai.

Bertha

*

Ngamiani, Tanga
6 Januari 1957

Kaka Asheri,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini mlifika salama na mtoto hakupata homa ya njia. Huku tu wazima. Unga upo, mchele upo, na mama ameitundika kanga yake ukutani, anasema ataivaa Pasaka. Baba alisimama kanisani juzi akasema katika ushuhuda wake kwamba mwaka huu nyumba yake imejifunza kiasi. Alisema kama vile wazo lilikuwa lake, nami niliinamisha kichwa nisije nikacheka.

Kwa hiyo ningekuwa na furaha. Sina.

Nakuuliza kuhusu mbuzi. Ulifika tarehe ishirini na nne, siku moja nyuma ya miadi, na kikapu kilichofunikwa majani ya mgomba. Ulisema dereva alikataa kupakia mnyama hai, ukamchinjisha Muheza kwa mtu wa sokoni, Mwislamu, na kichwa na miguu ukamwachia yeye kama ujira. Uliyasema yote hayo haraka, umesimama, hujavua hata kofia. Mzee Shehe alikuwa amekaa uani tangu saa nne na kisu chake ndani ya kitambaa. Alikusikiliza, akasema, "Basi kama amechinjwa na Mwislamu, yamekwisha," akanyanyuka akaenda zake. Sikupenda mgongo wake ulivyokuwa.

Nyama ilisifiwa. Bi Mwanamkasi alisema hajapata kula mbuzi laini namna ile. Na kuna jambo jingine alilosema ambalo ndilo linaloniandikisha. Unajua Asmahani, binti yake, anaolewa mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani. Ijumaa walikuja wanawake wa upande wa bwana harusi kuangalia vyombo. Mmoja, Bi Sabiha, shangazi yake bwana harusi, mwenye ulimi, alimwuliza mbele ya watu kama ni kweli anakula vya Wakristo. Bi Mwanamkasi akamjibu: "Vya nyumba hii nala nimefumba macho. Naapa kwa Mungu hakijaingia kinywani mwangu kutoka kwao kitu kisicho halali." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Aliniangalia akatabasamu.

Nimetaka kutabasamu pia, kaka. Niandikie jina la huyo mtu wa sokoni Muheza. Jina tu.

Bertha

*

Amani
19 Januari 1957

Mdogo wangu Bertha,

Marahaba. Sisi wazima, mtoto ametoa jino. Kristina anakohoa bado lakini si sana. Mvua imekatika na barabara imekauka, malori yanapita tena na vumbi lake. Kwa jirani yetu mmoja ng'ombe amezaa ndama wawili, watu wanatoka mbali kuja kuwaangalia, na mwenyewe amevaa koti siku zote tatu.

Kumbe baba ametoa ushuhuda. Ningelipa nauli nikamsikie.

Kuhusu mbuzi, Bertha, mnyama akishaliwa ameliwa. Mbona unamchimbua? Huyo mtu mimi simjui jina, nilimkuta tu. Watu walishiba, wakasifu, Krismasi imepita. Kristina anakushukuru kwa kichwa, alikipika supu akapata nguvu kidogo baada ya safari.

Waambie wote salamu. Asmahani mpe mkono wa heri.

Asheri

*

Ngamiani, Tanga
27 Januari 1957

Kaka Asheri,

Shikamoo. Baba na mama hawajambo.

Mbuzi mmoja hana vichwa viwili. Tarehe ishirini na nne Desemba kichwa kilibaki Muheza kwa mchinjaji. Katika barua yako ya tarehe kumi na tisa Januari kimepikwa supu na Kristina. Nimezisoma barua zako zote upya, nimezitandika kitandani moja moja. Mpaka Septemba unaandika kwa wino wa bluu wa ofisini. Tangu Novemba ni penseli.

Jumatano, wakati wa mapumziko ya shule, nilikwenda bandarini panaposhushwa mbao. Namjua dereva mmoja wa lori la huko kwenu, Zubeiri, yule mwenye kovu kidevuni. Alikuja hapa mara moja na mzigo wako. Nilimsalimu, nikamwomba akupelekee kifurushi ofisini kwako. Akaniuliza ofisi ipi. Akasema mashine ya mbao ilipunguza watu mwanzoni mwa Oktoba, makarani wawili, na wewe ulikuwa mmoja wao. Alidhani tunajua. Alipoona uso wangu akaanza kuyazungumzia matairi.

Kwa hiyo uliponiomba shilingi kumi na tano ulikuwa huna kazi mwezi mzima. Nami nikakuandikia ujifunze kuhesabu. Hilo nitalibeba, na sitaki uniambie nisilibebe.

Lakini sasa unijibu. Bi Mwanamkasi ameniita jana. Shughuli ya Asmahani itakuwa tarehe ishirini na tatu Machi. Anataka mimi nishike ufunguo wa chumba cha vyakula, mchele, samli, nyama, vyote vipite mkononi mwangu, kwa sababu ndugu zake, amesema, watapeleka nusu makwao. Dada zake walikuwapo. Akawaambia, "Huyu nimemlea miguuni kwangu. Najua mkono wake." Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo aliyoweza kunipa. Nimeshindwa kukubali na nimeshindwa kukataa. Nimesema nitamwuliza mama.

Ilikuwa nyama gani, kaka? Sitakuuliza tena habari za kazi, wala fedha zilikwenda wapi. Swali ni hilo moja.

Bertha

*

Amani
9 Februari 1957

Bertha,

Barua yako nimekaa nayo siku saba. Kristina ameisoma kabla yangu, akaniwekea mezani.

Haya. Siku hawala yako ilipofika hatukuwa na unga. Nilisema nitakula shilingi mbili, nitazirudisha. Nikala nne. Kikohozi cha Kristina kikawa damu kidogo, nikampeleka kwa daktari, dawa, maziwa. Kufika tarehe kumi Desemba fedha ya mbuzi haikuwapo. Kila asubuhi nilikuwa naondoka nyumbani saa moja kama mwenye kazi, nakaa kwenye njia ya msituni mpaka saa tisa, ili majirani waone ninarudi.

Huko nikajifunza kutega. Nilidhani nitapata kitu nikakiuze, ninunue mbuzi. Tarehe ishirini na tatu asubuhi nilikuta paa mtegoni. Amekwisha kufa, Bertha. Sijui tangu saa ngapi. Alikuwa bado na joto kidogo tumboni, basi haikuwa muda mrefu. Nilisimama pale. Nikamfikiria baba amekaa na watu. Nikakufikiria wewe na vitambaa vyako. Nikamchuna, nikakata nyama ndogondogo, kichwa na miguu nikavizika, kwa sababu kwa kichwa kila mtu angejua si mbuzi. Ile supu ya Kristina niliitunga tu. Nilitaka kuwaambia nyinyi wa nyumbani nikifika, tule sisi wenyewe, sahani zisitoke. Nikamkuta Mzee Shehe uani na kisu chake, na baba anasema kwa sauti, "Mnaona, mwanangu hajashindwa." Yale maneno ya Muheza yalitoka yenyewe.

Sasa unajua. Lakini nakusihi. Kwao anayekula bila kujua hana dhambi, nimemwuliza mtu kwa kuzungukazunguka, amenihakikishia. Ukimwambia utamwondolea nini? Utampa kichefuchefu, na utampa Bi Sabiha ngoma ya kucheza mwaka mzima. Baba ni mzee wa kanisa, atapitaje barabara ile? Na mnaweza kutolewa katika nyumba. Kwa ajili ya nini, ili wewe ulale vizuri? Dhambi ni yangu. Niachie.

Nitapata kazi. Shamba la chai wanaandika watu Aprili. Usimwambie baba kabla ya hapo.

Kristina ni afadhali. Mtoto anasimama akishika kiti.

Asheri

*

Ngamiani, Tanga
3 Machi 1957

Kaka Asheri,

Shikamoo. Mama hajambo. Ametengeneza dawa ya kifua ya Kristina, ya asali na ndimu na vitu vyake vingine, nami simo.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika tarehe kumi na nne. Nyingine, ya tarehe ishirini, ilifika Jumatatu iliyopita asubuhi. Hiyo sikuifungua. Niliiweka chini ya mto nikaenda shuleni, kwa kuwa nilijua inasema nini na nilijua unavyoweza kuniomba. Niliifungua jioni, mambo yakiwa yamekwisha. Ilisema nilivyodhani.

Siku hizo kumi na moja katikati nilizungumza na mama peke yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, watu wanakaa pamoja kwa yale wasiyoambiana." Kisha akaniomba nichambue mchicha. Nilijaribu kuishi hivyo. Kila jioni Bi Mwanamkasi aliniita nikaonje kitu. Siku ya kwanza kalimati, siku ya pili mchuzi wa nazi anaoujaribu kwa ajili ya shughuli. Nilikula. Asmahani alinionyesha kanga zake za ndani, akacheka kwa aibu, nami nikacheka. Nikirudi chumbani nilikuwa najiambia yale uliyoandika, kwamba hana dhambi, kwamba namlinda. Nilijiambia vizuri sana, kwa mpangilio, kama ninavyowafundisha watoto. Ndipo nikaanza kuogopa, kwa kuwa niliona naweza kuendelea hivyo miaka.

Jumatatu baada ya shule nilikwenda uani kwake. Alikuwa peke yake anapeta mchele. Nilikaa kwenye kigoda, nikachukua ungo wa pili, kisha nikauweka chini.

Nikamwambia, "Bi Mwanamkasi, nyama ya Krismasi haikuwa mbuzi. Ilikuwa paa. Alikufa mtegoni kabla kaka hajamfikia."

Hakuacha kupeta. Alirusha mara tatu nne, akapuliza makapi.

"Kibudu," akasema.

"Kibudu."

"Sahani zote saba?"

"Zote."

Akauliza nimejua lini. Nikamwambia habari za barua yako, tarehe kumi na nne. Nilimweleza kuhusu kazi yako pia, na Kristina, na mtego, na Mzee Shehe amekaa uani. Sikukutetea wala sikukuongezea. Alinisikiliza kama anavyosikiliza wanaokuja kununua ubani wake, bila haraka na bila kusaidia.

Kisha akauliza jambo ambalo wewe hukuniuliza, wala mama, wala mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza mpaka saa ile. Akasema, "Sikuulizi barua. Nakuuliza siku yenyewe. Ulipofunua kikapu ukaona hakina kichwa, wakati unapakua, moyo ulikwambia nini?"

Ningeweza kusema haukuniambia kitu. Kaka, ulikuwapo, ulikuwa nyuma yangu unakunywa maji. Niliona nyama imekatwa na mtu asiyejua kukata. Niliona nyekundu yake si nyekundu ya mbuzi. Nikasimama na mwiko, na katika kichwa changu ikapita hesabu yote: shilingi ishirini na nne zimekwenda, hakuna nyingine, bucha limefungwa, wali umeiva, na nyumba saba zinangoja. Nikasema moyoni, kaka ameshasema, haya. Nilikuwa nimeipanga Krismasi ile tangu Julai bila kuacha hata upenyo wa kuulizia swali.

Nikamjibu, "Uliniambia nisipakue."

"Ukapakua."

"Nikapakua."

Aliweka ungo chini. Akaangalia mikono yake. Sikulia, ingawa ingekuwa rahisi, kwa sababu nilijua nikilia atanibembeleza.

Akasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Nilichokula bila kujua Mungu haniandikii. Ndugu yako alikuwa na njaa, na mwenye njaa anafanya mengi. Lakini wewe ulinisikia naapa mbele ya watu, umesimama na sinia. Wiki saba umekuwa unanitazama machoni huku unanificha."

Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa Bi Sabiha. Akasema hapana, kiapo ni chake, atakirudisha kwa mdomo uliokitoa. Akasema kwa kaka yake Mzee Shehe niende mimi, na nimekwenda. Yeye alisema tu, "Nilijua kwa kofia ya nduguyo," akarudi kwenye kazi yake. Nyumba nyingine tano nilizipita Jumanne na Jumatano. Moja walinifungia mlango. Moja walicheka, wakasema nyama ilikuwa tamu. Nyingine walishukuru kwa maneno, basi.

Hatujatolewa katika nyumba. Naona hilo ndilo ulilokuwa unaliogopa zaidi, kwa hiyo nalisema mapema. Lakini Ijumaa Asmahani alikuja na kadi ya mwaliko, imeandikwa vizuri, jina langu, la baba, la mama. Hatujapata kupewa kadi katika nyumba ile. Nani anampa kadi mtu anayelala ukuta wa pili? Nikamwuliza kuhusu ufunguo wa vyakula. Alitazama chini, akasema mama yake amempa Bi Sabiha. Nikauliza, basi mimi nije saa ngapi kusaidia. Akasema, "Mama anasema utakuja saa ya kula, dada. Utakaa barazani na wageni. Utaletewa sahani yako."

Nitakwenda. Nitakaa na wageni.

Sasa lililobaki. Uliniomba nisimwambie baba kuhusu kazi kabla ya Aprili. Nimemwambia. Nilifanya hivyo Jumamosi, jana, mchana, mama yupo. Nilianza na barua yako ya Novemba na jibu nililokuandikia, kisha nikaendelea mpaka mwisho. Alikasirika na mimi kwanza, kwa sababu ya majirani, na alisema maneno ambayo sitayaandika. Kisha akauliza kama ni kweli ulikuwa unatoka nyumbani kila asubuhi ukakae msituni. Nikasema ndivyo ulivyoandika. Akauliza, "Na mvua ile yote?"

Leo hakwenda kanisani. Ni mara ya kwanza kumwona hivyo Jumapili. Amepanda gari la Muheza la saa moja, na debe la unga, na dawa ya Kristina, na kiasi cha fedha alichoazima kwa mhasibu wa stesheni bila kuniuliza. Atafika kwako leo, na barua hii itafika Alhamisi. Nimeiandika hata hivyo, ili utakapokuwa unajiuliza ni nani aliyemwambia, usimtafute Zubeiri wala mtu mwingine. Ni mimi.

Bertha